Dari za Vienna: Palipoanikwa Nguo Sasa Wanalala Matajiri

Mpwa wangu, ambaye ni muuguzi katika hospitali moja mjini Vienna, alinijulisha kabla sijasafiri kwamba nyumba aliyopanga iko ghorofa ya pili. Nilifurahi, maana magoti yangu si yale ya zamani. Siku ya kuwasili nikapita lango kubwa la mbao, nikashika mkoba wangu na kuanza kupanda ngazi za mawe, zilizolika katikati kwa nyayo za watu wa miaka mia na ushei. Mzunguko wa kwanza nikakuta kibao kinachoeleza kwamba pale si ghorofa ya kwanza bado, bali ni sakafu ya chini iliyoinuliwa. Mzunguko wa pili kibao kingine kikasema hapo ni Mezzanin, yaani ghorofa ya kati. Ghorofa ya kwanza ilianza baada ya hapo. Nilipoufikia mlango wa mpwa wangu nilikuwa nimehesabu vidato 84, na pumzi zangu nilikuwa nimeziacha chini.

“Shikamoo mjomba. Pole kwa ngazi.”

“Marahaba. Wewe si uliniambia ghorofa ya pili?”

“Ndiyo ya pili, mjomba. Ya pili kwa hesabu ya Vienna.”

Wenyeji hueleza kwamba wajenzi wa zamani walizibatiza sakafu za chini majina mengine ili nyumba ionekane na ghorofa chache kuliko zilivyo, na hivyo wasivunje amri za ujenzi. Lakini mimi sikuwa na nguvu ya kucheka. Juu ya vichwa vyetu nyundo zilikuwa zikigonga na misumeno ikilia. Niliuliza kulikoni, mpwa wangu akanionyesha dari kwa kidole. “Wanajenga huko juu,” alisema. “Wanatengeneza nyumba za matajiri darini.”

Ndugu msomaji, neno hilo darini lilinishangaza. Kwetu sisi darini ni mahali pa kuweka vitu. Wazee wetu wa bara walitundika huko mahindi ya mbegu ili yapate moshi wa jikoni yasiliwe na dumuzi. Mjini darini hukaa masanduku ya zamani, kitanda kibovu na panya. Sijapata kusikia tajiri amehama sebuleni kwake akaenda kulala darini. Basi kwa muda wa wiki tatu nilizokaa Vienna, nilijipa kazi ya kulichunguza jambo hilo, na haya ndiyo niliyoyaona.

SIKU YA KUFUA

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja mjane anayekaa mlango unaotazamana na ule wa mpwa wangu. Umri wake umepita miaka themanini, na katika nyumba hiyo ameishi zaidi ya nusu karne. Jumapili ya kwanza alitukaribisha kahawa na keki yao ya duara yenye tundu katikati iitwayo Guglhupf. Mpwa wangu alikuwa mkalimani.

Bibi alitueleza kwamba zamani kila nyumba ya kupanga mjini Vienna ilikuwa na dari kubwa tupu chini ya paa la vigae, na dari hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya wapangaji wote. Kazi yake ilikuwa kuanika nguo. Kila jamaa ilikuwa na siku yake ya kufua katika chumba cha kufulia, na zamu ilipofika mama wa nyumba aliamka kabla ya jua, akawasha moto chini ya sufuria kubwa, akachemsha mashuka, akayasuuza na kuyakamua kwa mikono. Kisha aliyapandisha darini ndani ya kapu, akayatandaza juu ya kamba zilizofungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Upepo ulioingia katika mianya ya vigae uliyakausha hata wakati wa theluji.

“Ilikuwa kazi ya punda,” alisema Bibi, “na sitamani irudi. Mashine ya kufulia ni baraka. Lakini darini ndiko nilikowafahamu jirani zangu. Nilijua nani amejifungua kwa kuona nepi kambani. Nilijua nani amefiwa. Leo huko juu sina ruhusa hata ya kuchungulia.”

Mashine za kufulia zilipoenea, kamba zililegea. Dari zikabaki na mavumbi, njiwa na viti vilivyovunjika miguu. Mwenye nyumba alipopiga hesabu aliona ana sakafu nzima ambayo haimletei hata senti moja.

MJI ULIOJAA MPAKA KITANDANI

Ili tulielewe jambo hili hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mwezi Desemba 1857 Mfalme Franz Joseph aliamuru kuta za ngome zilizouzunguka mji wa Vienna zibomolewe. Mahali pake pakajengwa barabara pana ya Ringstrasse, iliyofunguliwa tarehe 1 Mei, 1865, na kando yake yakasimama majumba ya fahari. Mji ukapanuka kwa kasi. Watu walimiminika kutoka Bohemia, Moravia, Hungaria na Galisia kutafuta kazi viwandani na katika nyumba za wakubwa. Kufikia mwaka 1910 wakazi walikuwa wamezidi milioni mbili.

Wenye fedha waliona faida, wakajenga maelfu ya nyumba za kupangisha, za ghorofa nne au tano, zenye nyuso za nakshi kama kasri. Ukizitazama kwa nje, na nyingi zingalipo, utadhani kila dirisha lina mwana wa mfalme. Ndani mambo yalikuwa mengine. Katika nyumba za makabwela bomba la maji lilikuwa moja kwa kila ghorofa, ukumbini, na choo vilevile kilikuwa ukumbini kwa watu wote. Bomba hilo waliliita Bassena, na umbea uliosemwa hapo, wenye ndoo wakingoja zamu, una jina lake hadi leo. Wako waliokuwa maskini kupita hao, ambao hawakuweza kupanga hata chumba. Hao walipanga kitanda. Walilala kwa saa walizolipia, kisha waliondoka ili mwenye kitanda alale.

Nyumba yenyewe ilipangwa kama jamii ilivyopangwa. Ghorofa bora ilikuwa ile iliyo karibu na chini, yenye madirisha marefu na dari ya maua ya lipu, kwa maana tajiri hakutaka kupanda vidato vingi. Kadiri ulivyopanda, ndivyo vyumba vilivyopungua kimo na mpangaji alivyopungua kipato. Mjini Paris ilikuwa hivyo hivyo: chini ya mapaa ya bati la zinki, katika vyumba vidogo vya ghorofa ya sita, ndiko walikolazwa watumishi wa kike, nao walikuwa na ngazi yao ya nyuma wasikutane na mabwana. Mchoraji wa Kijerumani Carl Spitzweg alichora mwaka 1839 picha mashuhuri ya mshairi maskini: amelala darini juu ya godoro, na juu yake ametundika mwavuli kwa sababu paa linavuja. Kila mtazamaji alielewa mara moja kwamba kukaa darini ni kukosa pa kukaa.

Ni nini basi kilichoigeuza dunia juu chini? Ni lifti. Mmarekani Elisha Otis alipoonyesha hadharani mjini New York katika miaka ya 1850 kwamba lifti yake haianguki hata kamba ikikatwa, hakuokoa miguu ya watu tu, bali alibadili thamani ya kila sakafu. Palipokuwa mbali pakawa karibu. Sifa za juu ambazo maskini alikuwa nazo bila kuzilipia, yaani hewa, mwanga, utulivu na mandhari, sasa zikapata bei.

KAZI YA MAFUNDI

Mpwa wangu alimwomba msimamizi mmoja wa ujenzi, mtu wa asili ya Bosnia, anipandishe kwenye nyumba nyingine ya mtaa ule ambako kazi ilikuwa imeanza tu. Nilivaa kofia ya chuma nikamfuata. Dari ya kale ya Vienna, ikiwa haijaguswa, ni kitu cha heshima. Kenchi za miti minene zimeungana bila msumari mwingi, zikiwa na alama za shoka za mafundi waliokwisha kuwa udongo. Sakafu imetandazwa matofali. Nilimwuliza kwa nini matofali yawekwe mahali pa kuanikia nguo, naye akanieleza jambo lililonifurahisha sana.

Wajenzi wa zamani waliogopa moto kuliko kitu chochote. Kwa hiyo dari ya ghorofa ya mwisho hawakuijenga kama dari nyingine. Walipanga magogo yaliyochongwa, ubavu kwa ubavu, bila nafasi katikati, wakayaunganisha kwa vijiti vya mbao vilivyopigwa kati ya gogo na gogo. Juu yake walimwaga kifusi, na juu ya kifusi wakatandaza matofali. Nia yao ilikuwa kwamba paa likiungua na kuanguka, wapangaji wa chini wasalimike. Huo ulikuwa ukarimu uliofichwa ndani ya jengo: uzito wote ule ulibebwa kwa ajili ya usalama wa watu ambao mjenzi hakuwajua.

Na moto haukuwa wa kufikirika. Mwezi Aprili 1945, vita vikiwa vinakwisha, paa la Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano katikati ya mji liliungua lote, na msitu mzima wa miti ya kale uliolibeba ukawa majivu. Walipolijenga upya waliweka kenchi za chuma, wakazifunika kwa vigae vya rangi vinavyong'aa hadi leo.

Anayetaka kujenga makao darini huanza kwa kupunguza uzito huo. Kifusi na matofali huteremshwa. Juu ya magogo humwagwa tabaka jembamba la zege lenye nondo, ili sakafu ishikamane na kuta za pande zote. Kisha husimamishwa fremu za chuma zinazobeba paa jipya, wakati mwingine la ghorofa mbili. Lifti hujengwa uani au ndani ya kizimba cha ngazi. Mashine ya kunyanyulia huegemea barabarani kama twiga, ikipitisha vyuma juu ya vichwa vya watu waliolala vitandani mwao.

Sharti la mji ni kwamba nyumba isiwe dhaifu kuliko ilivyokuwa kabla ya kuguswa, hata tetemeko la ardhi likitokea. Nilidhani ni tahadhari ya kupita kiasi, lakini msimamizi akanikumbusha kwamba tarehe 16 Aprili, 1972 ardhi ilitikisika kusini mwa Vienna na mapambo ya mawe yakaanguka kutoka juu ya majengo mjini humo. Kuta za nyumba hizi ni matofali na chokaa tu. Mhandisi hana budi kuthibitisha kwa hesabu kwamba zitaweza kubeba shingo mpya aliyoziongezea.

Wako wasanifu waliofanya maajabu huko juu. Katika mtaa wa Falkestrasse, kampuni ya Coop Himmelb(l)au ilimaliza mwaka 1988 ofisi ya mawakili juu ya jengo la kale, yote chuma na kioo, imejikunja kwenye ukingo wa paa kama panzi anayetaka kuruka. Wengine huipenda, wengine huikasirikia. Tangu hapo mapaa ya Vienna hayakuwa tena mahali ambapo hakuna anayepatazama.

NILIPOINGIA MAKAO YA ANASA

Siku moja wakala wa kuuza nyumba aliruhusu watu kuingia kuzitazama zile zilizokamilika katika jengo la jirani. Tulijiunga nao. Mpwa wangu alivaa vizuri, nami nikajitahidi kufanana na mtu mwenye akaunti benki.

Sitasema uongo, ndugu msomaji: palikuwa pazuri. Lifti ilifunguka ndani ya nyumba yenyewe, hakuna ukumbi wala jirani. Sebule ilikuwa pana, kuta nyeupe, na boriti mbili za zamani zimeachwa wazi, zikasuguliwa na kupakwa mafuta. Wakala alizisifu kwa maneno mengi. Nilizitambua mara moja. Ni zile zile ambazo akina mama walizifungia kamba. Mlango wa kioo ulitokea kwenye baraza, na hapo mji wote ulikuwa chini yetu: mnara wa Mtakatifu Stefano, makuba ya makanisa, maelfu ya mabomba ya moshi, na mbali kule vilima vya mizabibu vinavyoshuka kuelekea mto Danube. Kengele zilipolia saa kumi na mbili jioni sauti zilitoka chini kwenda juu, jambo ambalo sijapata kulisikia maishani.

Hata hivyo uzuri huo una gharama nyingine mbali na fedha. Chini ya paa jua la kiangazi huchoma, na viangazi vya Vienna vimekuwa vikali mwaka hadi mwaka. Wakala alituonyesha mitambo ya kupoza hewa iliyofichwa nyuma ya ukuta. Hewa ya moto inayotolewa humo haiendi mbali. Humwagika kwenye ua ule ule ambako wa chini wamefungua madirisha yao.

SHERIA MBILI, NGAZI MOJA

Nilijiuliza kwa nini fedha nyingi hivyo zikimbilie darini, wakati nyumba za kawaida zipo. Jibu liko katika sheria.

Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Austria iliweka kinga kwa wapangaji ili wake na watoto wa askari wasitupwe nje. Kinga hiyo ikaota mizizi. Sheria ya upangaji inayotumika sasa, ingawa imerekebishwa mara nyingi, ilianza tarehe 1 Januari, 1982. Kwa nyumba za kale, yaani zilizojengwa kabla ya mwisho wa vita vya 1939-1945, kodi ya pango aghalabu ina kikomo, na mpangaji mwenye mkataba wa kudumu haondolewi ovyo. Ndiyo maana Bibi ameweza kukaa pale zaidi ya nusu karne kwa pensheni ya mjane.

Lakini nyumba iliyotengenezwa darini kwa kibali kilichotolewa baada ya tarehe 31 Desemba, 2001 haimo katika kikomo hicho cha kodi. Mwenye nyumba hupangisha kwa bei atakayoipata. Hivyo katika jengo moja, kwenye ngazi moja, zipo bei mbili: chini bei ya sheria, juu bei ya soko. Mwenye mali akitaka faida ya haraka hawezi kuipata katika ghorofa ya pili kwa Bibi. Ataipata juu ya kichwa cha Bibi.

Nisiwe mwenye upande mmoja. Wakazi wa Vienna, ambao walipungua sana baada ya vita hivyo viwili, walifika tena milioni mbili mwaka 2023, nao wanahitaji pa kulala. Ni afadhali kujenga juu ya jengo lililokwisha kusimama, lenye maji, umeme na barabara, kuliko kumeza mashamba ya pembeni. Mara nyingi fedha za darini ndizo zinazorekebisha paa lililooza na kupaka rangi uso wa jengo ambao mwenye nyumba aliuacha ubambuke. Tena tangu mwaka 2018 sheria ya mji imezuia kubomoa nyumba za kabla ya 1945 bila idhini. Basi mwenye nyumba ya namna hiyo hujikuta ana njia moja tu ya kuongeza, nayo ni kwenda juu.

Hoja hizo zote ni za kweli. Lakini kwa Bibi jambo lilikuwa lifti.

LIFTI INAYOPITA MLANGONI

Wakati wa ujenzi, Bibi alivumilia mengi. Kwa miezi mingi paa lilikuwa turubai. Usiku mmoja wa mvua turubai lilichanika, maji yakapita ghorofa za juu hadi kwake, yakashuka ukutani penye picha ya arusi yake. Waliokuwa wakijenga walikuja kupaka rangi ukuta. Picha haikuweza kupakwa rangi. Alituonyesha: uso wa bwana harusi umebaki, wa bibi harusi umekuwa doa la kahawia. “Si kitu,” alisema. “Yeye ndiye niliyemtaka abaki.”

Sasa lifti imekwisha kufungwa. Kizimba chake cha kioo kimepita uani, mbele ya dirisha la jikoni kwake, na mlango wake umefunguka ukumbini hatua nne kutoka mlango wake. Lakini lifti hiyo ina ufunguo. Barua iliyokuja kwa wapangaji ilieleza kwamba ufunguo utapewa wale tu watakaochangia gharama za ujenzi na za kila mwaka. Kiasi kilichotajwa Bibi hana. Kwa hiyo chombo kile kitakuwa kikipanda na kushuka mbele ya macho yake, kikiwa kimewabeba watu vijana wenye miguu mizima, naye ataendelea na vidato vyake 84, kapu la viazi mkononi, akipumzika Mezzanin kwenye kiti alichokiweka mwenyewe.

Nilimsindikiza sokoni siku mbili. Kupanda kulitugharimu robo saa. Katika kila mzunguko alikuwa na neno la kusema, na baadaye nilifahamu kwamba maneno hayo yalikuwa njia yake ya kupata pumzi bila kuomba radhi.

Wazee wetu walisema, aliye juu mngoje chini. Walikuwa na maana kwamba hata mwenye makuu ipo siku atashuka, nanyi mtakutana. Nikiwa kwenye ngazi zile niliona kwamba methali hiyo ilitungwa na watu walioishi kwenye ngazi moja. Panapokuwa na lifti yenye ufunguo, aliye juu aweza kushuka hadi kwenye gari lake bila kuonana na yeyote. Utamngoja chini hadi uchoke.

NJIA NYINGINE IPO

Jambo lililonipa moyo ni kwamba mji huo huo una mfano wa kinyume. Kati ya mwaka 1923 na 1934 utawala wa mji uliwajengea wafanyakazi makao zaidi ya 60,000. Maarufu kuliko yote ni Karl-Marx-Hof, lililojengwa kuanzia 1927 hadi 1930, lenye urefu wa zaidi ya kilometa moja na nyumba 1,382, pamoja na nyumba za kufulia za pamoja, bafu na shule za watoto wadogo. Leo mji wa Vienna unamiliki nyumba zipatazo 220,000, nazo hupangishwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida aiweza.

Kwa majengo ya kale ya watu binafsi, mji ulianzisha mwaka 1984 mfuko maalumu wa kusaidia matengenezo kwa njia inayoitwa ya upole. Upole wenyewe ni huu: nyumba hutengenezwa wapangaji wakiwa ndani, hawahamishwi, mji hutoa sehemu ya fedha, na kwa kuwa umetoa fedha, hupata sauti juu ya kodi. Katika kazi za namna hiyo dari nayo hugeuzwa makao, na lifti hujengwa kwa ajili ya nyumba nzima. Nilionyeshwa jengo moja kama hilo mtaa wa pili kutoka kwetu. Lifti yake ilisimama kila ghorofa, na niliyekutana naye ndani alikuwa mzee mwenye mkongojo na paka kapuni.

Basi si kweli kwamba dari ikigeuzwa makao lazima walio chini waumie. Mbao ni zile zile, chuma ni kile kile. Linalotofautisha ni swali linaloulizwa kabla ya nyundo ya kwanza kugonga: je, kinachojengwa juu kitawanufaisha nini walio chini?

Nalo swali hilo halikuishia Vienna. Nikiwa kule niliukumbuka Mji Mkongwe wa Unguja, uliotambuliwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Nyumba zake nyingi zilikuwa na mapaa bapa, ambayo baadaye yalifunikwa kwa bati ili kuzuia mvua, na baina ya bati na paa la zamani pakabaki nafasi. Dari zake hubebwa na boriti za mikandaa. Siku hizi wageni hupenda kula na kulala juu, penye upepo wa bahari, na mwenye nyumba hushawishika kuongeza. Lakini kuta za mawe na chokaa zina kikomo cha ustahimilivu. Sote tuliona Beit-al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, likiporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba, 2020 na kuua mafundi wawili waliokuwa wakilikarabati. Jengo la kale halikatai kubeba mzigo mpya, ila lataka mtu aliuliza kwanza na kulisikiliza.

Asubuhi ya kuondoka Bibi alikuja kutuaga akiwa amevaa koti lake jema. Alisema ameamua kuwaandikia barua wenzake wote wa ghorofa za chini, nyumba kumi na moja, wakutane kwake Jumapili kwa kahawa ili watafute mtu wa sheria kwa pamoja kuhusu ule ufunguo. Hakuwa na hakika ni wangapi watakuja, maana kuna ambao hajapata kuzungumza nao tangu kamba za nguo zilipoondolewa.

Mpwa wangu alishika mkoba wangu, tukaanza kushuka. Tulipofika Mezzanin lifti ilipita uani ikipanda, tupu, taa zake zikiwaka. Wakaguzi walikuwa wakiijaribu. Kwenye kiti cha Bibi mtu alikuwa ameacha kapu la tufaha lenye karatasi ya jina lake. Mpwa wangu aliniomba nimsubiri, akalichukua lile kapu, akarudi nalo juu.

Juma lililofuata aliniandikia. Waliofika kwenye kahawa walikuwa tisa.